Vidonge vya majira: jinsi ya kuvimeza usije ukajikuta na mimba ya "sijui imetokea wapi"

Jamani wadada, leo naongelea vidonge vya majira, vile vya kila siku vyenye homoni mbili ndani, maana naona wengi tunavimeza kama panadol, ukikumbuka unameza usipokumbuka basi, alafu mimba ikija unasikia "vidonge vya siku hizi feki". Sio feki. Wanawake 100 wakimeza mwaka mzima bila kukosea, anayepata mimba hafiki hata mmoja, ila kwa jinsi tunavyomeza kweli huku majumbani wanafika kama 7. Mi nimo kwenye hao 7. Mwanangu wa pili ni mtoto wa vidonge, na wala sikuwa msahaulifu, nilikuwa nameza kila siku ya Mungu, kosa langu lilikuwa sehemu moja tu ambayo hakuna aliyenielekeza, nitaifikia huko mbele pakiti inapoisha. Hata kama mengine utaruka, hiyo usiruke.

Mi sio nesi, ni mtumiaji tu niliyekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki ya uzazi wa mpango na kuuliza maswali mpaka nikawa kero.

1. Pima presha kwanza

Najua duka la dawa la mtaani wanakuuzia bila swali hata moja, unatoa hela unapewa pakiti unasepa. Ila estrojeni, moja ya zile homoni mbili zilizomo humu, haimfai kila mtu, kwa baadhi ya watu inaongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Kwahiyo kabla ya pakiti ya kwanza pitia zahanati upimwe presha, haichukui hata dakika tano. Ikisoma 140/90 au zaidi, hivi sio vyako, kuna njia nyingine.

Na sio vyako pia kama umeshavuka miaka 35 na unavuta sigara, kama umewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, kiharusi, ugonjwa wa moyo, saratani ya matiti, ugonjwa mkubwa wa ini, au kisukari ambacho kimeshaanza kugusa macho, figo au mishipa. Kipandauso nacho usikifiche, hasa kile ambacho kabla kichwa hakijaanza kugonga unaona vimulimuli au mistari ya kumetameta machoni, mwenye hicho hatakiwi kumeza hivi vidonge hata akiwa na miaka 20. Mwambie nesi hata kama hajakuuliza, wengine foleni ikiwa ndefu hawaulizi.

Unanyonyesha? Subiri mtoto afikishe miezi sita. Kwa kipindi hicho kuna vidonge vya homoni moja ambavyo ni vya wanaonyonyesha, usichanganye, jina la jumla linakuwa lilelile "vidonge vya majira" lakini pakiti ni tofauti na masharti ni tofauti, hivyo vya homoni moja havina wiki ya kupumzika na kuchelewa kwake hakuvumiliki kama huku. Kama hunyonyeshi, subiri angalau wiki tatu baada ya kujifungua, na nesi anaweza kukuambia sita kama una kitu kinachokuweka karibu na kuganda damu. Mimba ikitoka unaweza kuanza hapohapo, ndani ya siku saba hizo za kwanza huhitaji hata kondomu.

2. Ijue pakiti uliyoshika mkononi

Pakiti ziko za aina mbili. Ya vidonge 28 na ya vidonge 21. Ile ya 28, kama Microgynon Fe ambayo wengi tunaijua, ina vidonge 21 vya homoni na 7 vya rangi ya kahawia ambavyo ni madini ya chuma tu, sisi tunaviita vidonge vya damu. Vile 7 havizuii mimba. Kazi yake ni kukushikisha mazoea usikatishe kumeza na kukuongezea damu kidogo mwilini, na kwa kuwa havina homoni, ukivifikia ndo unaingia kwenye siku zako.

Ile ya 21 yote ni homoni, ikiisha unapumzika siku saba, alafu unaanza nyingine.

Geuza pakiti uangalie mishale. Unafuata mishale, hurukiruki kutafuta rangi unayoipenda (nacheka lakini shosti yangu mmoja alikuwa anaanzia vile vya kahawia kwa sababu aliambiwa na jirani kwamba ni vidogo havichefui, wiki nzima anameza madini ya chuma anajua amekingwa). Siku nazo kwenye pakiti nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza kwa kifupi, Mon ni Jumatatu, Tue Jumanne, Wed Jumatano, Thu Alhamisi, Fri Ijumaa, Sat Jumamosi, Sun Jumapili. Kama umeanza Jumatano hakikisha cha kwanza umekitoa kwenye Wed, hiyo itakusaidia sana siku utakayojiuliza "hivi jana nilimeza?", unaangalia tu.

3. Siku ya kuanza

Rahisi kuliko zote: siku ya kwanza ya hedhi, damu ikitoka leo unameza leo. Ukianza ndani ya siku tano za mwanzo tangu damu itoke umekingwa tangu siku hiyohiyo. Ukitaka kuanza siku nyingine yoyote inaruhusiwa, sio lazima usubiri hedhi kama wengi wanavyoambiwa, sharti uwe na uhakika huna mimba, na utumie kondomu siku saba za mwanzo.

Ukitoka kwenye sindano, anza siku ile uliyotakiwa kurudi kuchomwa, usiache nafasi katikati. Ukiwa umemeza P2, kile kidonge cha dharura cha baada ya tendo, anza vidonge siku hiyohiyo au kesho yake na kondomu siku saba, wengi wanafikiri ile P2 itawalinda mwezi mzima, hailindi, ni ya tendo lililopita sio la kesho.

4. Saa ileile, kila siku

Chagua saa ambayo ina kitu chako cha kila siku. Mi yangu ni saa mbili usiku, ikipigwa ile ngoma ya taarifa ya habari mkono wangu unaenda wenyewe kwenye pochi. Usiku ni kuzuri pia kwa sababu ukishakula na kichefuchefu kikija unakuwa umelala, wiki za mwanzo wengi tunachefukwa, ukimeza asubuhi tumbo tupu na chai ya rangi utaona dunia inazunguka.

Weka alamu kwenye simu. Kama hutaki watu wajue, iite jina lingine, "mchango wa kikundi" au "umeme", nani atafuatilia. Hapa niseme kitu kimoja wengi wetu tunakijua ila hatukisemi, kuna wanawake wanameza kwa kificho, mume hataki au mama mkwe anakagua droo. Sikuhukumu. Ila vidonge ni njia inayohitaji kushikwa mkononi kila siku, kama umevificha kwenye gunia la mchele kwa jirani na kuna siku jirani kasafiri basi hiyo njia haikufai, heri sindano ya miezi mitatu au kijiti, hakuna cha kukagua kwenye droo.

Tunza sehemu kavu isiyo na joto kali, sio dirishani wala kwenye dashibodi ya gari, na mbali na watoto. Vile vya kahawia vina chuma, mtoto akivimeza vingi ni hatari kweli, mkimbize hospitali.

5. Pakiti inapoisha, hapa ndo nilipozaa

Sasa kaa vizuri. Baada ya kumwachisha ziwa mtoto wa kwanza nilianza vidonge vya pakiti ya 21. Nikimaliza vile 21 nasubiri damu, inakuja baada ya siku tatu, inakaa siku tano, mi kwa usafi wangu nasubiri ikate kabisa, nijisafishe, nikae kama siku moja mbili nihakikishe hairudi, ndo nafungua pakiti mpya. Nikawa naona hivyo ndo ustaarabu. Piga hesabu, tatu na tano ni nane, weka hizo mbili, siku kumi bila homoni! Mwezi wa kwanza ulipita, wa pili ukapita, wa nne nikaanza kutema mate.

Kinachofanyika mwilini ni hivi. Hizi homoni zinazilaza ovari zisitoe yai, na zinataka siku saba mfululizo za kumeza ndo zilale fofofo. Ukikaa siku saba bila homoni bado zimelala, ila zimeshaanza kujigeuzageuza kitandani. Ukiongeza ya nane, ya tisa, zinaweza kuamka, yai likatoka, na wewe hapo una imani kabisa kwamba uko kwenye vidonge.

Kwahiyo kanuni ni siku saba, isizidi, hata siku moja. Pakiti mpya inafunguliwa siku ya nane iwe damu imekata, iwe bado inatoka, iwe haijatoka kabisa. Damu haina kura hapa. Kama unatumia ya 28 mambo ni mepesi zaidi, ukimeza cha 28 leo kesho yake unaanza cha kwanza cha pakiti mpya, hakuna kupumzika, ile wiki ya vidonge vya damu ndo mapumziko yenyewe. Kuna watu wanamaliza 28 alafu wanapumzika saba tena, hao wanakaa siku 14 wazi, na nimekutana nao zaidi ya mmoja.

Baada ya yaliyonikuta nilihamia ya 28 moja kwa moja, na nikajiwekea utaratibu kwamba nikianza kidonge cha kwanza cha kahawia siku hiyohiyo nanunua au nafuata pakiti nyingine, maana kuna mwezi unaenda dukani unaambiwa zimeisha njoo Jumatatu, na Jumatatu ndo siku ya tisa. Ukipewa pakiti tatu kwa mpigo kubali.

6. Umesahau, unafanyaje

Kuchelewa masaa, ulitakiwa saa mbili usiku ukakumbuka asubuhi, meza hapohapo na cha usiku kama kawaida. Hakuna shida.

Umesahau kimoja kizima cha homoni, umekumbuka kesho yake, meza sasa hivi na cha leo kwa saa yake, hata kama ni viwili kwa mara moja. Endelea. Kondomu sio lazima.

Umesahau viwili au zaidi mfululizo (kuna miongozo inahesabu kuanzia vitatu, mi nakushauri uhesabu viwili usijipe moyo), meza kimoja sasa hivi, vingine vilivyopita viache, usije ukavibugia vyote vinne kwa pamoja kama unalipa deni, utatapika tu. Kisha endelea na kimoja kila siku na utumie kondomu mpaka umeze siku saba mfululizo. Alafu angalia umesahau wiki gani:

- Wiki ya kwanza ya pakiti ndo mbaya kuliko zote, kwa sababu umetoka kwenye zile siku saba za wazi na umeongezea nyingine juu yake. Kama umekutana na mwenzio ndani ya siku tano zilizopita, wahi kituoni au famasi uulizie P2, inafanya vizuri zaidi ukiwahi, ndani ya masaa 72, na inaweza kutumika mpaka siku ya tano ila nguvu inapungua kadiri unavyochelewa.
- Wiki ya pili, ukifuata hayo ya juu inatosha.
- Wiki ya tatu, yaani kidonge cha 15 mpaka 21, maliza vya homoni vilivyobaki, vile saba vya kahawia tupa, na kesho yake fungua pakiti mpya. Damu mwezi huo haitakuja au itakuja kidogokidogo, usishtuke, umeruka mapumziko kwa makusudi ili siku za wazi zisirefuke.

Ukisahau vya kahawia, tupa ulivyosahau na uendelee. Havikuwa na kazi hiyo.

Unaona wenyewe kwamba maelezo yote haya ni ile hesabu moja ya siku saba inajirudia.

7. Kutapika, kuharisha, na dawa nyingine

Ukitapika ndani ya masaa mawili matatu baada ya kumeza, chukulia hujameza, meza kingine (chukua cha mwisho kwenye mstari wa homoni au pakiti ya akiba). Ukiharisha au kutapika vibaya zaidi ya siku mbili hesabu kama umesahau vidonge, fuata namba 6 hapo juu.

Dawa za kuangalia ni za TB zenye rifampicin, hizo zinavimaliza nguvu kabisa, ukiwa kwenye dozi ya TB tafuta njia nyingine. Dawa za kifafa kama carbamazepine, phenytoin na phenobarbital nazo hivyohivyo, na lamotrigine kwake inakuwa kinyume, vidonge ndo vinaipunguza hiyo dawa yako ya kifafa na unaweza kuanguka. Kwa wanaotumia ARV inategemea ni zipi, dolutegravir haina ugomvi na vidonge, efavirenz inaweza kuvipunguza nguvu, muulize anayekupa dawa, na usiache ARV kwa ajili ya vidonge, narudia usiache. Amoxicillin na antibiotiki nyingi za kawaida hazina shida, hiyo ni hofu ya zamani.

Na kama hujui mwenzio anatembea wapi, kondomu iwepo. Vidonge havina habari na HIV wala kisonono.

8. Mwili utakavyopokea

Miezi mitatu ya mwanzo tegemea kichefuchefu, matiti kuuma, kichwa kidogo, na matone ya damu katikati ya mwezi. Hayo matone ndo yanayowafanya wengi waache, wakati kuacha na kurudi ndo kunayaongeza. Yakizidi miezi mitatu rudi kliniki wakubadilishie.

Vidonge havijai tumboni. Vinayeyuka kama kidonge kingine chochote, hakuna daktari aliyewahi kumpasua mtu akakuta gunia la vidonge vya majira. Havichomi kizazi pia, na hakuna haja ya "kupumzisha mwili" kila baada ya miezi kadhaa, hiyo mapumziko ndo inayojaza leba. Kinyume chake, vinapunguza damu nzito na maumivu ya hedhi, na wanaovitumia wanapata kwa uchache saratani ya ovari na ya ukuta wa kizazi.

Damu isipokuja mwezi mmoja na umemeza vizuri vyote, anza pakiti mpya bila kusubiri. Isipokuja miezi miwili, au ulisahausahau, pima mimba. Ukikutwa nayo acha vidonge, ila usilie kwamba umemuumiza mtoto, haijaonekana kwamba vinamdhuru.

Yasiyo na mjadala, unaacha vidonge na kwenda hospitali siku hiyohiyo: mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi (nyuma ya mguu chini ya goti), maumivu makali ya kifua au pumzi kukata, kichwa kikali ambacho hujawahi kukipata, kuona giza au maluweluwe au kushindwa kuongea vizuri, maumivu makali ya tumbo, macho kuwa njano. Yanatokea kwa wachache sana lakini ukiwa wewe ndo huyo mchache namba haikusaidii. Na ukipangiwa operesheni kubwa au ukiwekewa plasta ya mguu mzima, waambie unameza vidonge.

9. Ramadhani, Hija na safari

Kama huwa unameza asubuhi, hamishia baada ya futari au kwenye daku. Namna ya kuhamisha ni kuwahisha, sio kuchelewesha, kidonge cha kesho asubuhi kimeze leo usiku kisha endelea na usiku, pakiti itaisha siku moja mapema na hakuna tatizo.

Wanaotaka damu isitoke wakiwa Hija au Ramadhani, inawezekana: unamaliza 21 vya homoni, vya kahawia unatupa, unaingia pakiti nyingine kesho yake. Haina madhara, damu hairudi nyuma wala haigandi ndani kama bibi zetu wanavyosema. Ila anza vidonge miezi mitatu minne kabla ya safari mwili uzoee, maana aliyeanza wiki moja kabla ya kupanda ndege atafika Makka na matone yake.

10. Ukitaka kuacha

Ukitaka mtoto acha tu, vizuri umalize pakiti ili hesabu ya tarehe isikuchanganye. Uwezo wa kushika mimba unarudi haraka, hakuna kusubiri mwili usafishike, kuna anayeshika mwezi uleule.

Na kama unaacha kwa sababu vimekuchosha na mtoto hutaki, usiache kwanza ndo uanze kufikiria. Nenda kliniki pakiti ikiwa bado ina vidonge vya homoni, uwekewe kijiti au kitanzi au uchomwe sindano ukiwa bado umekingwa, maana ule mwezi wa "bado nafikiria" nimeuona umeleta watoto watatu kwenye ukoo wetu peke yake, na huyo wa kwangu wa pakiti ya 21 sijamhesabu.